Porini Jina Halijibiwi

Mjukuu wangu alirudi Jumamosi moja na udongo mwekundu hadi magotini, akasimama mlangoni, akafungua kiganja. Katikati ya kiganja kulikuwa na mbegu ya nyasi, nyeusi, nyembamba, yenye mkia mrefu uliojisokota kama uzi. Akaanza kwa Kiingereza, kisha akakumbuka anaongea na nani, akarudia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Bibi, hii inajizika yenyewe. Ukitia maji, mkia unazunguka, unaisukuma chini."

"Umeitoa wapi, mke mwenzangu?" Namwita hivyo kwa utani, kama bibi wote wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike, ingawa huyo mume wetu wa pamoja alishazikwa zamani.

"Kilimani."

Nilikuwa nimeshika sufuria ya sombe, majani ya muhogo. Nikaiweka chini.

Kilima chenyewe nakiona kwa dirisha letu hapa Berea, Joburg. Kiko upande wa pili wa barabara kubwa, mawe na majani marefu, wenyeji wanakiita kopi. Juu kuna pimbi wanaoota jua, chini kuna kijito ambako plastiki za mtaa mzima hukimbilia mvua ikinyesha. Mtu mzima mwenye akili hapiti pale peke yake. Sasa mtoto niliyemlea mwenyewe, wa darasa la sita, ananiambia ametoka huko, na ameenda na wenzake wa shule na mwalimu wa mambo ya miti, na Jumamosi ijayo watarudi.

Kwa wengine pori ni kuni, ni uyoga, ni mahali pa kuchungia mbuzi. Kwangu mimi pori ni mahali unapokimbilia.

Tunatoka kwenye milima iliyo juu ya ziwa, upande wa Kongo. Vita vilipofika kwetu tulihamia porini, watu wa vijiji kadhaa, na tulikaa huko mvua zikaja zikaisha zikaja tena. Askari hawakuijua milima ile kama sisi. Kwa hiyo walitafuta njia yao. Walimkamata mtu mmoja wa kijijini, wakamtembeza mbele yao, akawa anaita majina. Kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti ya jirani kabisa: fulani, toka, wameondoka, kuna chakula. Mwenye njaa akisikia jina lake anatoka. Mke wa kaka yangu alitoka. Aliyemwita alikuwa shemeji yake, mtu aliyekula kwake mara nyingi, na sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo, maana alikuwa ameelekezewa bunduki mgongoni.

Toka siku ile sisi akina mama tuliweka sheria na tukawafundisha watoto hata wale waliokuwa hawajui kuhesabu. Porini jina halijibiwi. Hata akikuita mama yako mzazi. Ukisikia jina lako, ingia ndani zaidi.

Majina ya wote waliotoka ninayo. Kwa masista nilifika darasa la tatu tu, na mengi ya vitabuni yamenipita, lakini jina likishaingia kichwani mwangu halitoki. Nakumbuka kila mtu tuliyelala naye porini, na mtoto aliyekuwa mgongoni mwake, na mlima wenyewe ulivyoitwa. Hapa sitaandika hata moja. Wengine bado wako huko. Wengine wana ndugu hapa Joburg ambao karatasi zao hazijakaa sawa. Mtanisamehe.

Sheria ile ningeiacha ziwani kama nilivyoacha nyumba. Lakini Jumapili moja mchana, mjukuu akiwa bado mdogo wa kubebwa mgongoni akichoka, wanaume wenye fimbo walijaa mtaani kwetu wakipiga kelele kwamba wageni warudi kwao. Waliingia hata kwenye jengo letu. Walimshika mama mmoja wa ghorofa ya chini, muuza ndagala, dagaa wa kwetu, wakampandisha ngazi akiwa mbele, agonge milango na kutuita. Naye alituita, angefanya nini? Nilikuwa nyuma ya kabati na mtoto, chini ya blanketi. Jina la binti yangu likaitwa mlangoni, mtoto akalijua ni la mama yake, akafungua mdomo. Nikaweka kiganja. Nilihisi meno yake madogo.

Walipopita, nilimfundisha. Wenzangu wanafundisha watoto Baba Yetu, na mimi nilimfundisha, ila kwanza nilimfundisha ile sheria ya porini.

Basi mnaelewa kwa nini niliiweka sufuria chini.

Wiki iliyofuata mwalimu wa kilimani akaja mwenyewe nyumbani kuomba ruhusa. Msichana wa hapa hapa, Mzulu, nywele kazifunga kwa kitambaa, buti za matope kazivua nje ya mlango bila kuambiwa. Alinisalimu kwa mikono miwili na goti kalikunja kidogo, akaniita Gogo, yaani bibi kwa lugha yao. Kiti kimoja tulichonacho nilikalia mimi, yeye akakaa kitandani, na binti yangu, aliyekuwa ametoka mapema saluni anakofanya kazi, akakaa katikati yetu atafsiri.

"Mjukuu wako ana macho, Gogo," mwalimu alisema. "Wenzake wanaona majani tu. Yeye anaona jani limeliwa na nani."

"Mwambie macho hayo akayachoshe kwa vitabu," nikamwambia binti yangu.

Binti yangu akasema maneno marefu. Mwalimu akatabasamu mpaka fizi zikaonekana.

"Umemwambia nini?"

"Nimesema umefurahi kumpokea."

"Mimi nimefurahi saa ngapi?"

"Mama, tafadhali."

Nikauliza kuhusu nyoka. Mwalimu hakunidanganya. Alisema wapo, na jambo la kwanza anawafundisha watoto ni mahali pa kuweka mguu. Nikauliza kuhusu wezi. Akasema kuna lango na mlinzi, na hawatembei ila kwa kikundi. Nikauliza je, polisi wakitokea huko wakataka karatasi za watoto? Hapo binti yangu aliacha Kiswahili, akanijibu kwa lugha yetu ya milimani.

"Hilo sitalitafsiri, mama. Hilo tukae nalo wenyewe."

Mwalimu alituangalia, mmoja kisha mwingine, kama mtu anayesubiri simu ishike mtandao. Halafu akaeleza kwa nini anafanya kazi ile. Watoto wa maghorofa haya, alisema, wanajua kila aina ya simu na hawajui mti mmoja kwa jina. Maji yanatoka kwenye bomba, wanadhani yanazaliwa humo. Kesho hao ndio watakaoamua kama kijito kile kitapona au kitafukiwa, nao hawajawahi kukitia hata kidole. "Nataka wakulie pale," akasema. "Nataka wasiliogope pori."

Hilo ndilo neno lililobaki nami. Nililala nalo, nikaamka nalo. Wasiliogope. Mimi nilivushwa na woga. Woga ndio uliokuwa unaniambia nihame kabla kunguru hawajaruka kwa kuwaona askari, ndio ulionifunga mdomo. Mtoto ukimvua woga, umembakishia nini siku akilihitaji hilo pori?

Binti yangu alikuwa na maneno yake, akayatoa akiwa anaosha vyombo. "Mama, mutoto anakaa hapa kama kuku wa tenga. Shule, ngazi, kitanda. Anapanda maharage ndani ya kopo, yanaota, anayaangalia kama televizyo. Acha aende."

Nikasema aende. Mdomo ulisema.

Akawa anaenda. Kila Jumamosi nilikaa dirishani nikitafuta kofia yake nyekundu kwenye majani yale, na nikiipata nilipumua, na ikipotea nyuma ya mawe nilisimama. Kazi za nyumbani zilikufa siku hiyo. Jioni alirudi na mambo mapya, na nyumba yetu ndogo ikabadilika sheria. Makopo yalioshwa na kupangwa. Nilikatazwa kumwaga mafuta ya kukaangia.

"Bibi, hayo yanaenda mtoni."

"Mto gani? Hii ni sinki."

"Sinki ndiyo mto unaanzia."

"Basi siku moja utaniletea samaki humo."

Alicheka, lakini mafuta akayachota kwenye chupa. Siku nyingine alileta majani aliyoruhusiwa kuchuma, nikayatambua kabla hajayaweka mezani: lengalenga, mchicha wa kwetu. Mwalimu amewaambia kwamba mabibi wa hapa wanayala pia, wana jina lao. Niliyapika na karanga. Nitasema kweli, siku ile nilikula vizuri.

Kisha akaja na lile la mimea ya kigeni. Alilisema mdomo umejaa ugali, kwa furaha, kama anayesimulia mchezo. "Leo tumeng'oa mimea ya kigeni. Imekuja kutoka mbali, inakunywa maji ya mimea ya hapa, inaziba kijito. Lazima itoke na mizizi yake."

Kijiko cha binti yangu kilisimama hewani. Maneno hayo hayo yalipita chini ya dirisha letu ile Jumapili, na walioyasema walikuwa na fimbo.

Mtoto akatuangalia. "Ni mimea tu," akasema polepole.

"Najua," nikamwambia. "Lakini ngazini usiyaseme. Yaache yaishie hapa mezani."

Akainamia sahani. Niliona amenyamaza kwa ile namna niliyomfundisha mimi, kimya cha kuingia ndani, na nikaogopa kwa namna nyingine nisiyoijua.

Sasa nije kwenye ile Jumamosi ya mvua ya mawe.

Asubuhi kulikuwa na joto lile la hapa linalokausha pua. Alasiri wingu likapanda, tumbo lake la kijani, na sisi tuliokaa miaka mingi mji huu tunajua maana ya kijani hicho. Nikafunga madirisha. Kofia nyekundu nilikuwa nimeiona kitambo kidogo karibu na kijito. Mawe yalipoanza kuanguka, makubwa kama mayai ya njiwa, sikuona kilima tena, niliona weupe tu. Radi ilipiga mpaka vikombe vikalia kabatini.

Weupe ulipopungua simu ikaita. Binti yangu, kutoka saluni.

"Mama, usiogope."

Mtu akikuambia usiogope, kaa chini kwanza.

Akanieleza. Mvua ilipoanza watoto walikimbia ovyo. Wengi wamefika kwenye kibanda cha lango. Wetu hajafika. Na kuna wadogo wawili, ndugu, kutoka jengo la jirani, nao hawajafika. Wanatafutwa. Yeye anatoka saluni sasa hivi lakini kutoka Yeoville teksi hazitembei, barabara imejaa maji.

Sikusubiri. Magoti yangu ni mabovu, ngazi nashuka kwa kushika ukuta, siku ile sikumbuki ukuta. Umeme ulikuwa umekatika, robot, taa za njia panda, zote zimezima, magari yanapigiana honi kwenye njia panda na mimi nikapita katikati yao nimefunika kichwa kwa kitenge. Barafu ilikuwa imejaa kando ya barabara. Nilikuwa nasema kitu njiani, na watu walinipisha, lakini sijui nilikuwa nasema nini.

Langoni nilimkuta mlinzi, kijana wa Burundi, Kiswahili chake kizuri.

"Mama, ungoje hapa kwenye kibanda. Huko chini ni matope."

"Mtoto wangu yuko kwenye matope hayo."

Akanipima kwa macho, akafunga lango. "Basi nishike mkono. Lakini ujue wamemwita kweli kweli. Mwalimu ana kipaza sauti, jina linafika mpaka Hillbrow."

"Jina gani?" nikamuuliza.

"La kwake, mama. La mtoto."

Kisha nikalisikia. Jina la mjukuu wangu, lote, na la ukoo wa baba yake, likitoka kwenye kile kipaza sauti, likigonga mawe ya kilima, likirudi limevimba. Tukazunguka mwamba, nikaona wanaoita. Mwalimu alikuwa ukingoni mwa kijito. Na kando yake wanaume wa kampuni ya ulinzi waliokuja kusaidia, nguo nyeusi, kofia, redio zinakoroma kifuani, na mmoja ameshika mbwa kwa mnyororo. Watu wema. Walitoka kwenye mvua ile kumtafuta mtoto wasiyemjua.

Lakini mimi niliwaona kwa macho yake yeye, popote alipokuwa. Wanaume wenye sare, mbwa, na mbele yao mtu unayemjua, anakuita.

Nikajua kwa nini hajibu. Nikajua hatajibu hata usiku uingie. Na kijito kilikuwa kimepanda, rangi ya chai ya maziwa, kinavuta matawi na plastiki na barafu pamoja.

"Kuna mahali pa kujificha huku chini?" nikamuuliza mlinzi.

"Chini ya ukingo, mama. Maji yamechimba, mizizi inaning'inia, kama mapango madogo. Lakini huko sasa..." Hakumaliza.

Kila walipoita, yeye anaingia ndani zaidi. Nilimfundisha ndani zaidi. Na ndani zaidi ni kwenye maji.

"Mwambie anyamaze," nikasema.

"Nani?"

"Mwalimu. Na hao wote. Wazime redio, mbwa aondoke."

"Mama, tukinyamaza atajuaje tuko hapa?"

"Anajua mko hapa. Ndiyo maana hatoki."

Mlinzi alibaki akiniangalia, maji yanamtiririka kwenye pua. Yeye ametoka Burundi. Sijui alikuwa ameona nini kwao na sikumuuliza. Ila hakunitaka nirudie. Alimkimbilia mwalimu, akasema naye kwa Kizulu, mkono mmoja unanionyesha mimi. Mwalimu akaja akateleza, uso umelowa, akanishika mikono yote miwili. "Gogo. Eish, Gogo." Midomo yake ilikuwa inatetemeka kwa baridi. Aliniangalia vile watu wanavyomwangalia mgonjwa wa kichwa. Kisha akaangalia maji. Kisha akakiweka kile kipaza sauti juu ya jiwe, akawapungia mkono wanaume wa ulinzi warudi nyuma, wakarudi, na mbwa akarudi.

Kukawa kimya. Maji tu, na ndege mmoja, hadida, akilia juu ya mti kama mlango mbovu.

Kule kwetu mama aliyemtafuta mwanawe porini hakuita. Alifanya kazi ya nyumbani. Aliokota mawe mawili akagonga jiwe kwa jiwe, kama anayepasua kokwa za mawese: moja, akangoja, kisha mbili za haraka. Askari akisikia ni mawe. Mtoto akisikia ni jikoni kwao. Ndivyo tulivyokusanyana. Lakini nilipoinama kuokota mawe pale ukingoni, sikukumbuka kama niliwahi kumfundisha huyu mtoto kugonga huko. Majina ya watu wote wale ninayo, na hilo sikuwa nalo. Mlango wa kuingilia nilimwonyesha, hilo nina hakika. Mlango wa kutokea, nilitafuta kichwani nikakuta giza.

Nikagonga hivyo hivyo. Moja. Nikangoja. Mbili.

Maji.

Nikasogea chini, mlinzi amenishika kitenge kwa nyuma nisianguke. Nikagonga. Radi ikapita mbali, upande wa mashariki, ikafunika kila kitu. Nikangoja ipite, nikagonga tena, na tena, na mikono ilikuwa imekufa ganzi mpaka nikajiponda kidole na sikusikia maumivu.

Mwalimu ndiye aliyeinua mkono kwanza. Ana masikio ya mtu wa ndege. Akaelekeza chini ya mti ulioinama, mbele kidogo.

Likasikika. Dogo, la haraka, kama mtu anayeogopa kusikiwa. Jiwe kwa jiwe.

Mlinzi na mwalimu waliingia majini mpaka kiunoni. Walikuwa pale, nyuma ya mizizi, wote watatu. Mjukuu wangu alikuwa amewabana wale wadogo ukutani kwa mgongo wake, maji yanampiga mapajani, na kiganja chake kimoja kilikuwa bado kimefunika mdomo wa yule mdogo kabisa. Vidole vyake vilikuwa na alama za meno.

Waliwatoa. Sikulia. Nilimfunga kwenye kitenge, nikamfikicha mgongo, nikamnusa kichwa. Nikamuuliza sikioni, kwa lugha yetu, amejuaje kugonga.

"Ulinifundisha," akasema, meno yanagongana. "Nyuma ya kabati. Umesahau?"

Yule mdogo alipopata sauti aliongea Kiingereza, na mwalimu alimsikia vizuri. Sikuhitaji kutafsiriwa, niliona uso wa mwalimu. Baadaye mlinzi alinieleza. Mtoto alisema: dada alituambia tukijibu watatuua.

Mama wa wale wadogo alinisubiri ngazini siku mbili baadaye, mwanamke wa hapa, mpole. Hakupaza sauti. Aliuliza tu, kupitia kwa binti yangu, kwa nini mtoto wangu aliwaziba wanawe midomo huku watu wakiwatafuta. Binti yangu alimweleza, kwa ufupi, akiangalia chini. Yule mama akasema pole. Kisha akasema hata hivyo wanawe hawatarudi kilimani na mjukuu wangu. Ana haki.

Mwalimu naye akaja tena. Akavua buti tena, akakaa kitandani tena, lakini safari hii hakutabasamu. Alisema hakulala siku nyingi. Alisema angependa mtoto arudi, kuliko wote. "Lakini siwezi kumpeleka porini mtoto asiyejibu nikimwita, Gogo. Siku nyingine maji hayatangoja."

Binti yangu alitafsiri neno kwa neno. Halafu akaongeza lake. "Ni wewe tu, mama. Mimi nimejaribu, baba yake, anayekaa Diepsloot, amepiga simu amejaribu. Anasema Bibi ndiye aliyesema."

Mtoto alikuwa pembeni ya dirisha na kopo lake la maharage. Hakugeuka. Mwalimu alipoondoka nilimwita aje akae karibu nami, na nikajua kwamba kitu ninachotaka kumvua ndicho kilichomfanya awepo. Kama wenzangu wa milimani wasingenyamaza, mama yake asingekuwapo na yeye asingekuwapo. Na kama yeye angenyamaza kidogo zaidi wiki ile, vilevile asingekuwapo.

"Kilimani," nikamwambia, "mwalimu akikuita, jibu."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti."

"Na ngazini?"

"Ngazini hapana."

"Na shuleni?"

"Shuleni jibu."

Akafikiri. Ana namna ya kukunja paji la uso, ya babu yake. "Na wale watu wakimshika mwalimu, wakamlazimisha aniite?"

Mama yake alikuwa kwenye jiko, akaacha kukoroga mboga. Nikamsogezea mtoto sahani.

"Njoo ule," nikasema. "Ugali unapoa."

Jumamosi tulienda wote wawili. Nilivaa viatu vya kanisani kwa kuwa ndivyo vyenye soli, na mlinzi akanitafutia kreti la soda nikalie karibu na lango. Kijito kilikuwa kimerudi chini, kimeacha plastiki juu ya matawi kama nguo zilizoanikwa. Watoto walijipanga kwenye majani, wameshika majembe madogo. Mwalimu hakutumia kipaza sauti. Alisimama mbele yao akaanza kuwaita mmoja mmoja, na kila mmoja akaitika, wengine kwa utani, wengine kwa uvivu.

Alipofika kwa mjukuu wangu alisita, kisha akamwita. Jina lote, na la ukoo.

Mtoto hakumwangalia mwalimu. Aliniangalia mimi. Nikatikisa kichwa kukubali, kidogo tu.

Akaitika. Kwa sauti kubwa, kama nilivyomwambia, sauti iliyopita juu ya majani na juu ya mawe na kutoka nje ya lango mpaka barabarani, ambako watu walikuwa wanapita. Nami nikageuka haraka kuangalia nyuma yangu, nione ni nani mwingine amelisikia.